Keychron Q2 au V2: ipi ya kuweka mezani Arusha na Moshi

Zing'oe Keychron Q2 na Keychron V2 makasha yake, utabaki na kibodi ileile mara mbili. Mpangilio ni uleule wa asilimia 65, chipu ni ileile ya STM32L432, swichi (kifaa kidogo kilicho chini ya kila kitufe) zinachomolewa na kuchomekwa bila lehemu, stabilaiza (waya zinazotuliza vitufe virefu) ni za kufunga kwa skrubu, vifuniko vya vitufe ni plastiki ya PBT, waya ni Type-C. Kinachozitenganisha ni kasha na namna pleti, yaani bamba linalobeba swichi, inavyoshikiliwa ndani yake. Q2 ni alumini iliyochongwa kwa mashine, V2 ni plastiki. Kwa bei, V2 iliyokamilika imekuwa ikiuzwa chini ya dola 100, Q2 kati ya dola 150 na 200. Kwa hiyo swali la mnunuzi ni moja: hiyo nusu ya pili ya pesa inanunua nini, na je, kitu hicho kinamfaa mtu anayefanya kazi Njiro, Sakina, Soweto ya Moshi au pale jirani na hospitali ya KCMC?

Jibu kwa mwenye haraka: kwa watu wengi, V2. Pesa inayobaki iende kwenye swichi nzuri na grisi ya stabilaiza, kwa sababu huko ndiko vidole vinakohisi tofauti. Q2 ni ya mwenye meza moja isiyohama, anayejali mlio kuliko kitu kingine, na ambaye soketi zake za umeme zina ethi ya kweli. Hilo la ethi si dogo, tutalifikia.

Kwanza ukubwa, kwa ufupi. Asilimia 65 maana yake safu ya F1 hadi F12 imeondolewa, na kundi la tarakimu la kulia limeondolewa, lakini mishale minne imebaki. Mishale ndiyo sababu ya kuchagua asilimia 65 badala ya 60. Anayehariri barua, ratiba za safari au tafsiri hutumia mishale kila dakika, na kuifuata chini ya Fn (kitufe kinachovipa vingine kazi ya pili) kunachosha haraka. F5 utaipata kwa kushika kimoja kati ya vitufe viwili vya Fn pamoja na namba 5. Upana wa kibodi ni sentimita 32 hivi, kwa hiyo kipanya kinasogea karibu na mwili na bega la kulia linapumzika. Mhasibu anayeingiza tarakimu kutwa nzima asinunue yoyote kati ya hizi mbili, au anunue na kibao kidogo cha tarakimu cha kuchomeka pembeni. Inawezekana kupanga tabaka la tarakimu, yaani kazi ya pili ya vitufe ukishika Fn, chini ya mkono wa kulia, M na alama mbili zinazofuata ziwe 1, 2, 3, J K L ziwe 4, 5, 6, na U I O ziwe 7, 8, 9. Tabaka hilo linatosha kwa ankara tano kwa siku. Kwa ankara mia halitoshi.

Kasha na mlio

Ndani ya Q2 pleti ya chuma haijafungwa kwa skrubu kwenye kasha. Masikio yake yamelala juu ya vipande laini vya gasketi, na kasha la juu linayabana kwa chini. Ukibonyeza kitufe, pleti nzima inazama kidogo sana kisha inarudi. Mguso unakuwa sawa kuanzia Tab hadi Enter, na mlio unakuwa mzito na mfupi. V2 ni tofauti: pleti na saketi zimefungwa kwa skrubu kwenye vinguzo vya sakafu ya kasha. Vitufe vilivyo karibu na skrubu ni vigumu kidogo, vilivyo mbali nazo ni laini kidogo. Mtu anayechapa kwa kasi huisikia tofauti hiyo siku ya kwanza. Baada ya wiki vidole vimeizoea. Tunasema hivyo kwa sababu picha za mauzo zinafanya gasketi ionekane kama muujiza, na si muujiza. Ni uboreshaji halali wa mguso, basi.

Q2 ina kasoro yake ya mlio. Alumini huimba. Ukibonyeza kwa nguvu, hasa Enter na Backspace, unaweza kusikia mwangwi mwembamba wa chuma baada ya kitufe kugonga chini. Sababu ni nusu mbili za kasha kugusana chuma kwa chuma na kupitishiana mtetemo. Dawa yake ni rahisi. Fungua skrubu za chini kwa ufunguo wa pembe sita, inua kasha la juu taratibu, kisha bandika vipande vidogo vya tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, mahali ambapo nusu hizo mbili zinakutana. Vipande sita hadi nane vya sentimita moja vinatosha, kimoja kila kona na vingine katikati ya pande ndefu. Usizungushe tepu pande zote, kwa sababu kasha halitafunga sawasawa na utaona mwanya upande mmoja. Rudisha skrubu kwa kuruka kona, kama unavyofunga nati za gurudumu la gari, na usikaze moja hadi mwisho kabla zote hazijashika.

V2 haina mwangwi wa chuma. Tatizo lake ni mlio wa utupu, kama kugonga debe la plastiki, hasa kwenye meza tupu ya mbao nyepesi. Kitambaa kinene au mkeka mdogo chini yake huondoa sehemu kubwa ya mlio huo. Ukitaka zaidi, toa saketi na ubandike matabaka mawili au matatu ya tepu hiyohiyo ya karatasi upande wake wa nyuma, ukiacha wazi tundu la Type-C na matundu ya skrubu. Unaporudisha skrubu za V2, kaza hadi ishike kisha acha. Zinafungwa ndani ya kasha la plastiki, na nguzo ikishavunjika gundi haitaishika tena kama mwanzo.

Uzito, baridi na umeme

Q2 iliyokamilika inapita kilo moja na nusu. Mezani hiyo ni sifa, kwani haisogei hata ukichapa kwa hasira. Ila kibodi hizi hufika kwetu kwa mizigo. Mawakala wa mizigo ya ndege hupima kwa kilo, na sanduku likiwa kubwa hupima kwa ujazo. Kisha kuna safari ya Dar es Salaam hadi Arusha au Moshi kwenye buti la basi, chini ya magunia na masanduku ya watu. V2 ni nyepesi kwa mbali na plastiki yake hupinda kidogo bila kuumia. Alumini ya Q2 haivunjiki, lakini kona yake ikigongwa rangi hubanduka na huwezi kuirudisha. Anayeagiza Q2 amwambie mtumaji aweke sanduku la kiwandani ndani ya sanduku lingine, na sponji la angalau sentimita tatu kila upande.

Kuna faida moja zinazoshiriki zote mbili: hazina betri. Mzigo wenye betri ya lithiamu hukataliwa au hutozwa zaidi na wakala, hizi hupita kama kifaa cha kawaida. Lakini soma jina lote la sanduku kabla ya kulipa. Q2 Pro, Q2 Max na V2 Max ni bidhaa nyingine, zisizotumia waya, na zina betri ndani. Neno la pili la kulisoma kwa makini ni barebone. Maana yake umenunua kasha, pleti na saketi tu, bila swichi wala vifuniko. Bei inayoonekana ya ajabu kwa uzuri wake mara nyingi ni ya barebone, na ukiongeza swichi 70 na seti ya vifuniko, unafuu wote umekwisha.

Wanaokaa Arusha wanajua asubuhi za Juni na Julai. Alumini iliyolala usiku kucha kwenye chumba kisicho na joto inakuwa baridi kama bomba la maji, na ukingo wa mbele wa Q2 ndipo viganja vinapotua. Ukingo huo pia uko juu, karibu sentimita mbili kutoka mezani, na Q2 haina miguu ya kukunja ya kubadilisha mwinamo. Suluhisho moja linatibu yote mawili: kiegemeo cha viganja cha mbao. Fundi seremala yeyote anakitengeneza kutokana na kipande cha mninga. Mpe vipimo: urefu sentimita 32, upana sentimita 8, kimo milimita 18 upande wa kibodi kikishuka hadi 14 upande wako, kingo zote zipigwe msasa hadi ziwe mviringo. Asipake vanishi ya kung'aa, maana kwa jasho inanata. Mafuta ya mbao au nta yanatosha. Moshi iko chini zaidi na ina joto, kwa hiyo baridi ya alumini haiwasumbui huko, ila urefu wa ukingo unawahusu vilevile. V2 ina miguu, na ukingo wake hauchomi kwa baridi.

Sasa ethi. Chaja nyingi za laptop huvujisha mkondo mdogo sana wa umeme kwenye upande wa ardhi wa chaja. Soketi ikiwa na ethi ya kweli, mkondo huo hushuka ardhini. Soketi ikiwa na tundu la tatu ambalo nyuma yake hakuna waya, jambo la kawaida kwenye nyumba za kupanga na vyumba vya ofisi vilivyoongezwa baadaye, au ukiwa umechomeka kwa adapta ya pini mbili, mkondo hubaki kwenye chuma cha laptop na huweza kufika kwenye chochote cha chuma kilichounganishwa nayo kwa USB. Mkono unahisi kama msisimko au kuwashwa ukiupitisha taratibu juu ya chuma. Rangi ya alumini ya Q2 huzuia, lakini penye mkwaruzo na kwenye skrubu hakuna rangi. Mkondo huo wenyewe ni mdogo, ila ni kero ya siku nzima, na ni ishara kwamba soketi yako ina kasoro inayoweza kukudhuru kwenye kifaa kikubwa zaidi. Jaribu hivi: chomoa chaja, chapa kwa betri. Msisimko ukiisha, tatizo ni soketi wala si kibodi. Mwite fundi umeme apime ethi. Ikiwa nyumba si yako na mwenye nyumba hasikii, chukua V2, hilo litakuwa limekwisha.

Stabilaiza, mahali pa kuweka muda wako

Hapa ndipo kibodi hizi zinapohitaji mkono wa mtu, na zote zinahitaji sawa. Kwenye asilimia 65 kuna stabilaiza nne: Backspace, Enter, Shift ya kushoto na kitufe cha nafasi. Shift ya kulia ni fupi, haina. Kila stabilaiza ni waya mmoja wa chuma uliopinda ncha mbili, na kila ncha imeingia kwenye kijiti cha plastiki kinachopanda na kushuka ndani ya nyumba yake. Ncha ikiwa na nafasi ya kuchezacheza ndani ya kijiti, utasikia kelele ya kijiko ndani ya kikombe kila unapobonyeza nafasi. Na Kiswahili kwa jinsi kinavyoandikwa na maneno mafupi kama ya, wa, na, kwa, ni, kitufe cha nafasi hakipumzishwi.

Njia ya haraka haihitaji kufungua kitu. Ng'oa vifuniko vinne hivyo kwa kichomoleo cha waya, si kwa bisibisi, maana bisibisi huacha alama kwenye kitufe jirani. Chukua grisi nzito. Anayeagiza kutoka nje anapata Krytox 205g0, ambayo ndiyo chaguo la wengi kwa plastiki, na grisi ya umeme kwa ncha za waya. Asiyeagiza aulize maduka ya spea za magari, kwani grisi ya umeme ya kuzibia kofia za plagi ni aina hiyohiyo. Iweke kwenye bomba la sindano la mililita moja lenye sindano butu. Shusha kijiti kwa kidole, ingiza ncha ya sindano pale waya unapoingia kwenye kijiti, na sukuma kiasi cha punje ya mchele. Fanya hivyo ncha zote nane. Bonyeza kila kitufe mara hamsini ili grisi isambae. Ikizidi, kitufe kitapanda kwa uvivu kana kwamba kimezama kwenye asali. Hapo punguza kwa kijiti cha pamba.

Usitumie mafuta ya kupikia, Vaseline wala WD-40. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Vaseline hulainika kwa joto na kutiririka hadi kwenye swichi za jirani, ikibeba vumbi. WD-40 huondoa grisi iliyokuwepo, kisha sehemu kubwa yake huyeyuka hewani, na baada ya wiki mbili kelele imerudi kubwa zaidi.

Kelele ikibaki upande mmoja tu baada ya grisi, waya wenyewe umepinda. Hapo hakuna njia ya mkato. Toa swichi zote, fungua pleti, toa stabilaiza, uweke waya juu ya kioo na ubonyeze ncha moja. Ncha ya pili ikiinuka, waya haujanyooka. Upinde kwa vidole kidogo kidogo kinyume chake, rudisha kwenye kioo, jaribu tena, mpaka ncha zote zilale. Kazi nzima ni saa moja na nusu kwa mtu mtulivu, na ni afadhali kuifanya kabla hujaanza kuitumia kibodi kuliko kuvumilia kelele mwaka mzima.

Swichi, na herufi A

Kiwandani unachagua kati ya nyekundu inayoteremka moja kwa moja, kahawia yenye kinundu kidogo katikati, na bluu inayolia. Kwenye Q2 ya kwanza ni Gateron G Pro, kwenye V2 ni K Pro za Keychron wenyewe. Bluu iache kama chumba kina mtu mwingine. Kati ya nyekundu na kahawia ni suala la mkono, lakini kwa anayechapa Kiswahili kuna jambo la kuzingatia.

Andika neno anawafahamisha. Herufi 14, na sita kati yake ni a. Kwenye mpangilio wa QWERTY kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote, ndicho kinachobeba herufi inayotumika zaidi ya nyingine yoyote katika lugha yetu. Anayechapa Kiingereza hapati mzigo huo. Na kwa sababu swichi hizi huchomolewa, hakuna ulazima wa kutumia swichi moja kibodi nzima. Weka kahawia kote ukipenda, halafu chini ya A weka nyekundu, au swichi nyepesi ya gramu 35 kama Gateron Clear. Tofauti ya gramu kumi au ishirini kwenye kitufe kimoja inaonekana ndogo hadi jioni ya siku yenye kurasa kumi na tano. Tunaishauri hatua hii kwa moyo wote, kwa sababu inagharimu swichi moja tu.

Faida ya pili ya lugha yetu: Q haitumiki katika Kiswahili. Siku swichi ya A ikianza kuandika aa ulipobonyeza mara moja, na huna swichi ya akiba, ichukue iliyo chini ya Q. X iache mahali pake, utaihitaji kwa kukata maandishi pamoja na Ctrl.

Kubadilisha kwenyewe kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya. Swichi ina pini mbili nyembamba za shaba. Ukiisukuma ikiwa imeinama, pini moja hugonga ukingo wa tundu na kukunjika chini ya swichi, swichi inakaa vizuri kabisa, lakini kitufe hakiandiki. Watu hudhani saketi imekufa. Ichomoe uitazame kwa chini: pini iliyolala utaiona. Inyooshe kwa kibano, ikishikwa kwenye mzizi wake na si kwenye ncha, kisha irudishe wima, ukisukuma kwa kidole gumba sawasawa. Inyooshwe mara moja au mbili, ya tatu hukatika. Ukihisi ukinzani mkubwa usiongeze nguvu, maana soketi iliyo nyuma ya saketi inaweza kubanduka na kipande cha shaba chake, na hapo ndipo utamhitaji fundi wa lehemu.

Kuhusu ng' na /=

Kibodi zote mbili hupangwa kwa VIA, programu ya kubadilisha kazi za vitufe, inayofunguliwa kwenye kivinjari cha Chrome au Edge bila kusakinisha kitu. Firefox na Safari hazitaiona kibodi. VIA isipoitambua, pakua faili la JSON (ramani ya vitufe) la kibodi yako kutoka kwa Keychron, washa kichupo cha Design kwenye mipangilio, na ulipakie humo. Hakikisha faili ni la toleo lako hasa, lenye nobu (kitufe cha kuzungusha) au lisilo na nobu, la ANSI (Enter ya safu moja) au la ISO (Enter ya safu mbili). Faili la toleo jingine huhamisha vitufe mahali visipo. Mipangilio hukaa ndani ya kibodi yenyewe, kwa hiyo mfasiri anayehudumia mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuipanga nyumbani, kisha akaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa isipokee programu, na kila kitu kikafuata.

Makro, yaani herufi kadhaa zinazoandikwa kwa mbonyezo mmoja, mbili za kuanza nazo. Ya kwanza ni ng', iweke kwenye Fn na G. Kuchapa ng'ombe, ng'ambo na kung'ang'ania kwa kawaida kunamtoa kidole kidogo cha kulia kwenye nafasi yake kila mara. Ya pili ni /= ya bei, iweke kwenye Fn na alama ya mkwaju. Anayeandika orodha za bei za safari au za duka ataishukuru ndani ya siku moja.

Na kama ng'ombe inakuja ngómbe, si kosa la kibodi. Windows imewekwa kwenye mpangilio wa US-International, ambao huishika alama ya ritifaa ukingoja herufi inayofuata, kisha huzigeuza zote mbili kuwa irabu yenye kishada. Tazama kona ya chini kulia ya skrini. Ukiona ENG INTL, badilisha iwe ENG US na tatizo limekwisha. Makro nayo haitakuokoa usipobadilisha, kwa sababu kibodi hutuma kubonyeza tu na kompyuta ndiyo inayotafsiri.

Anayetaka kwenda mbali zaidi na kupakia programu dhibiti yake (ile inayoendesha kibodi kutoka ndani) asiogope umeme kukatika katikati. Chipu ya STM32 ina njia ya kuanzia upya iliyoandikwa ndani kabisa, isiyofutika. Ng'oa kifuniko cha nafasi, shika kitufe kidogo kilicho chini yake huku ukichomeka waya, na uanze tena.

Vumbi na chai

Kiangazi cha Arusha kina vumbi laini la udongo wa volkeno, linaloingia hata dirisha likiwa limefungwa. Likifika kwenye vipande vya shaba vinavyogusana ndani ya swichi, herufi huanza kujirudia au kuruka. Kibodi ya mezani ifunikwe kitambaa usiku, hilo ndilo la kwanza na la maana zaidi. Kila miezi mitatu ng'oa vifuniko na upige brashi laini huku kibodi imeinamishwa. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Usiipeleke kwa fundi matairi akaipige kompresa, kwa sababu hewa ile hubeba maji na mafuta.

Chai ya maziwa yenye sukari ikimwagika, chomoa waya kwanza, geuza kibodi chini juu, ng'oa vifuniko, kisha swichi za eneo lililolowa. Futa pleti na soketi kwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingi ina mafuta, na jeli ya kutakasa mikono huacha utando. Iache kavu siku nzima. Swichi zilizokunywa sukari zitupe, hazisafishiki kwa gharama inayostahili, na ukiziacha sisimizi watazifuata. Katika hili Q2 na V2 hazipishani hata kidogo.

Ukiagiza vifuniko vipya baadaye, hakikisha seti ina Shift ya kulia ya 1.75u na vitufe vitatu vya 1u vya kulia mwa nafasi (1u ni upana wa kitufe kimoja cha herufi). Seti nyingi za bei nafuu hazina hivyo, na utabaki na rangi mbili.

Siku ya kupokea, usiondoke kwa wakala au kituo cha basi bila kukagua kona za kasha. Nyumbani fungua kipimio cha vitufe cha VIA na ubonyeze kimoja baada ya kingine hadi vyote vibadilike rangi. Kama ni barebone, gusa matundu mawili ya kila soketi kwa kibano kwa pamoja, kitufe kitaandika kana kwamba kina swichi. Soketi isiyojibu, ipige picha siku hiyohiyo na umtumie muuzaji kabla hujachomeka chochote.